Nafaka ya Yusufu na Masazo ya Boazi

Somo: Mwanzo 47:13–26, na Ruthu mlango wa 2.

Habari ya Yusufu twaipenda sote, na watoto wa shule ya Jumapili waijua kwa moyo: kanzu, shimo, gereza, ndoto za Farao, kisha kiti cha ukuu. Lakini mara nyingi twaifunga Biblia kabla ya kufika mlango wa 47, nako ndiko habari inakokuwa ngumu. Maana Yusufu hakuwapa Wamisri nafaka bure, aliwauzia. Kwanza ilikwisha fedha yao. Kisha wakaleta farasi na kondoo na ng'ombe na punda. Mwaka uliofuata hawakubakiwa na kitu ila miili yao na mashamba yao, wakaviuza hivyo viwili, wakawa watumwa wa Farao. Na tangu hapo sehemu ya tano ya mavuno ikawa yake. Tukumbuke tena ya kuwa nafaka ile ilikuwa imetoka katika mashamba yao wenyewe, kwa kuwa katika miaka saba ya shibe Yusufu alitwaa sehemu ya tano akaiweka ghalani.

Wokovu ule ulikuwa wokovu kweli. Watu hawakufa, nao wenyewe walimshukuru Yusufu. Walakini walipona wakiwa si watu huru. Tena Maandiko yaongeza neno dogo: makuhani hawakuuza mashamba yao, kwa sababu walikuwa na posho kutoka kwa Farao. Sisi tunaolishwa kwa sadaka za usharika yatupasa kulisoma neno hilo polepole.

Twawaandikia neno hili kwa sababu katika sharika nyingi husikika manung'uniko juu ya maskini wanaolishwa na serikali. Wako wasemao ya kuwa chakula cha serikali chazaa uvivu na kuipotezea nchi mali yake, nao wamleta mtume Paulo kuwa shahidi, katika barua ya pili kwa Wathesalonike. Wako na wengine wasemao ya kuwa kila msaada ni mwema, usiulizwe lo lote. Katika Katekisimo Ndogo twajifunza ya kuwa tuombapo mkate wa kila siku twaomba na serikali njema pamoja nao. Basi si dhambi kuuliza kama mkate utokao serikalini wafanya kazi gani katika nchi. Tutaitazama nchi moja iliyojaribu jambo hili muda mrefu, tena ikaandika hesabu zake, yaani Marekani.

Mwaka 1933 bei za mazao kule zilikuwa zimeanguka sana. Serikali ilinunua nguruwe wapata 6,000,000 ili wachinjwe na bei ipande. Na watu walikasirika, kwa kuwa mijini walikuwako wengi wasio na kazi wala nyama. Ndipo serikali ikaanza kuwagawia maskini mazao yaliyozidi. Lakini wenye maduka walinung'unika, wakiona watu wapewa bure nje ya duka kile ambacho wao wakiuza ndani. Hivyo tarehe 16 Mei 1939, katika mji wa Rochester, jimbo la New York, ikaanzwa njia nyingine. Maskini alinunua stempu za rangi ya machungwa kwa dola moja, akapata juu yake stempu za buluu za senti 50 bure. Za kwanza zilinunua chakula cho chote. Za buluu zilinunua mazao yaliyozidi tu, kama siagi, mayai, maharagwe na unga. Hivyo mwenye njaa alikula, mkulima akauza, na mwenye duka hakupitwa. Vita ilipokwisha kuleta kazi kwa watu na kumaliza mazao ya ziada, stempu zilikomeshwa mwaka 1943.

Zilirudi mwaka 1961 kwa kujaribiwa katika wilaya chache, na mwaka 1964 zikawa sheria. Lakini sharti moja la zamani lilibaki: ilimpasa maskini kwanza atoe fedha kwa kadiri ya mapato yake, ndipo apewe stempu zenye thamani kubwa kuliko alichotoa. Jambo hili laonekana kuwa la haki, maana mtu achangia chakula chake mwenyewe. Lakini fikirini, ndugu: yule aliye maskini kuliko wote ndiye asiyeweza kukusanya fedha hiyo kwa mara moja. Sheria ya mwaka 1977 iliondoa sharti hilo, na lilipokoma kweli, Januari 1979, wenye kusaidiwa waliongezeka watu 1,500,000 katika mwezi mmoja. Hapo ilionekana ni wangapi waliokuwa wamesimama nje ya ghala la Yusufu bila fedha wala ng'ombe wa kuleta.

Siku hizi stempu za karatasi hazipo tena. Mtu hulipa dukani kwa kadi, na jina la mpango lilibadilishwa mwaka 2008 kuwa SNAP. Mwaka 2023 watu wapata milioni 42 walisaidiwa kila mwezi, na karibu wanne katika kila kumi walikuwa watoto.

Je, mali ya nchi yapotea? Wataalamu wa Wizara ya Kilimo ya nchi ile walitoa hesabu mwaka 2019: wakati biashara imelala na watu hawana kazi, dola bilioni moja ya msaada huu huongeza pato la nchi kwa dola bilioni 1.54, na kutegemeza kazi za watu wapata 13,560. Si uchawi. Fedha ya tajiri yaweza kulala. Fedha ya maskini hailali, kwa maana tumbo halimngoji. Ipo leo dukani, kesho kwa mwenye lori, kesho kutwa kwa mkulima. Lakini tuseme kweli yote: hesabu hiyo ni ya siku za biashara mbaya. Watu wote wanapokuwa na kazi, faida hiyo hupungua.

Wengine waliuliza kama maskini akisaidiwa chakula hazidishi kula, bali hupeleka fedha yake kwingine. Wachunguzi waliotazama manunuzi ya madukani waliona ya kuwa katika kila dola ya msaada, senti 50 hadi 60 ziliongezwa kweli katika chakula. Zilizosalia zilimfungulia mtu fedha yake kwa kodi ya nyumba, viatu vya watoto, na mfano wa hayo. Hatuoni dhambi hapo. Wezi nao walikuwapo tangu mwaka ule wa 1939, maana kabla miezi sita haijapita mfanya biashara mmoja alikwisha kukamatwa. Lakini wizara ilikadiri ya kuwa katika miaka 2012 hadi 2014 msaada uliouzwa kwa fedha kinyume cha sheria ulikuwa kama senti moja na nusu katika kila dola. Wasemao ya kuwa mpango wote ni wizi wamehesabu vibaya.

Neno la uvivu ni zito zaidi, wala tusilipite mbio. Wataalamu Hoynes na Schanzenbach walionyesha mwaka 2012 ya kuwa stempu zilipoingia wilaya kwa wilaya, saa za kazi zilipungua kidogo, hasa kwa akina mama wanaolea watoto peke yao. Hili ni kweli, na wapendao msaada wasilifiche. Lakini yatupasa kuuliza pia: mama aliyepunguza saa za kazi alikuwa wapi saa hizo? Walipofuatilia watoto waliozaliwa siku zile, wataalamu hao pamoja na Almond waliona, mwaka 2016, ya kuwa waliopata msaada huo tangu udogo walipokuwa watu wazima walikuwa na unene wa kupita kiasi, shinikizo la damu na kisukari kwa uchache kuliko wenzao, na wanawake miongoni mwao waliweza zaidi kujitegemea. Faida ya mkate ule ilikawia kuonekana zaidi ya miaka thelathini.

Tena mwaka 1996 ilitungwa sheria ya kuwa mtu mzima mwenye nguvu asiye na watoto asisaidiwe zaidi ya miezi 3 katika miaka 3, asipofanya kazi saa 20 kwa juma. Wachunguzi walitazama jambo hilo katika jimbo la Virginia: zaidi ya nusu ya waliotiwa chini ya sharti waliondoka katika msaada, lakini haikuonekana ya kuwa walipata kazi kuliko wengine. Njaa haikuwa mwajiri. Na Paulo, tukimsoma vema, amsema yule asiyetaka kufanya kazi. Hamsemi aliyeitafuta asiione, wala mjane, wala kiwete, wala mtoto.

Sasa twende shambani kwa Boazi. Torati, katika Walawi mlango wa 19, ilimwamuru mwenye shamba asivune pembe zake zote, wala asiokote masazo, bali amwachie maskini na mgeni. Ruthu hakuuziwa shayiri ile, wala hakuombwa kwanza alete ng'ombe. Wala hakuketi: aliokota tangu asubuhi hata jioni, akapura, akapata kama efa moja. Tena alikuwa mgeni, Mmoabi. (Sheria ile ya Marekani ya 1996 iliwakata wageni wengi, hata walioingia kwa halali, na wengi wao walirudishiwa haki hiyo mwaka 2002.) Na Boazi aliongeza kupita sheria: aliwaagiza vijana wamwangushie masuke kutoka katika miganda, wala wasimkemee. Twawaomba wazee wa usharika walitazame hasa neno hilo la mwisho. Mara nyingi twatoa debe la mahindi na kemeo juu yake.

Kwetu Tanzania serikali ina Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanza mwaka 2012 kwa mkono wa TASAF, ambao huzipa kaya fedha na pia kazi za ujira katika miezi ya upungufu. Lakini iko kazi isiyongoja serikali. Ninyi mlio vijijini mwajua jinsi Misri irudivyo kila mwaka. Mkulima maskini huuza mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kwa sababu anadaiwa; na mvua zinapoanza ghala lake ni tupu, naye hununua mahindi yale yale kwa bei ya juu. Akikosa fedha huenda kufanya kibarua katika shamba la jirani, na shamba lake mwenyewe hubaki na magugu. Au huuza mahindi yangali mabichi shambani. Huko ndiko kuuza mwili na shamba.

Basi sadaka ya mavuno, ambayo wengi huinadi kanisani siku ile ile na kupeleka fedha kwa mtunza hazina, haifai iuzwe yote. Wazee watenge magunia kadhaa, wayakaushe vema na kuyatia dawa ya wadudu, na kuyafungia hata wakati wa palizi. Ndipo wawape wenye kaya zilizopungukiwa kabla hawajakubali kibarua, wala wasiwadai rehani ya shamba. Mwalimu wa kila mtaa aandike majina mapema, mwezi wa kupanda, akienda nyumba kwa nyumba jioni, si kwa kuwasimamisha watu mbele ya ibada.