Kipimo cha Umbali

Fungua ramani, msomaji, uweke rula kati ya kiwanja cha ndege cha Kisumu na kile cha Entebbe. Mstari wake hupita zaidi juu ya maji ya Ziwa Viktoria, na urefu wake ni kilometa 250 hivi. Ndege iendayo kilometa 500 kwa saa huumaliza katika nusu saa. Njia ya nchi kavu huzunguka ziwa kwa kaskazini, ikapita Busia na Kampala, nayo hufika kilometa 350 hivi. Gari liendalo kilometa 70 kwa saa bila ya kusimama lingehitaji saa tano.

Hesabu hizi hazina kosa, lakini zina upungufu: hupima njia, wala hazimpimi msafiri. Januari 2022, madereva wa malori walipotakiwa wapimwe Korona kabla ya kuingia Uganda, msururu wa makumi ya kilometa ulifanyika Malaba, na wengine walingoja kwa siku kadha wa kadha. Daraja la mpakani huvukwa kwa dakika chache. Hata hivyo, kwa dereva yule, ng'ambo yake ilikuwa mbali kuliko London kwa abiria wa ndege atokaye Nairobi, ambaye hufika kwa saa tisa hivi.

Umbali wa kilometa umeumbwa na ardhi. Umbali wa saa, mara nyingi, huumbwa na watu. Mpaka wenyewe ni kazi ya watu: hadi mwaka 1902, mahali palipo Busia na Malaba palikuwa ndani ya Uganda.

Je, amchelewishaye mwenziwe humdhulumu? Si kila mara. Mpaka hulinda watu na maradhi na magendo, na ukaguzi hauwezi kufanywa kwa kufumba na kufumbua. Lakini husemwa kuwa wakati ni mali, na msemo huu haukutosha. Mali iliyopotea huweza kutafutwa ikapatikana. Siku iliyopotea ni sehemu ya uhai, hairudi. Kwa hiyo yafaa kila kungoja kuwe na sababu. Kungoja ambako sababu yake yaweza kuelezwa mbele ya angojaye, naye akaikubali japo kwa uchungu, ni ulinzi. Kungoja kusikoelezeka ni dhuluma.

Februari 2018 kituo cha pamoja kilizinduliwa Busia, ili maofisa wa nchi mbili wafanye kazi chini ya paa moja, na msafiri asimame mara moja badala ya mbili. Barabara haikupungua hata hatua moja, lakini safari iliweza kufupishwa.

Huenda siku moja ukaketi nyuma ya meza, muhuri mkononi, na mtu amesimama mbele yako na karatasi zake. Siku hiyo umbali wa safari yake utakuwa wewe.