Msiba wa Wote, Furaha ya Nani?

Katika nyanda za juu za Kigoma, kwenye vilima vya Muyama visivyo mbali na mpaka wa Burundi, maamkizi si jambo la kupita. Mha humwamkia mkubwa wake kwa kuinama na kupiga makofi mepesi, wala hana haraka, kwani ndani ya maamkizi huulizwa nyumba na waliomo. Mtu wa Unguja au Pemba hawezi kuyashangaa hayo. Naye amelelewa kwa shikamoo. Basi na azaliwe ndani ya ada hiyo mtoto asiyeamkia, asiyemtazama mtu usoni, azibaye masikio ngoma inapolia, na ambaye hujitupa chini na kupiga mayowe kwa sababu tu njia ya kwenda gulioni leo imebadilishwa. Wataalamu huiita hali hiyo usonji. Jirani, aghalabu, huiita malezi mabaya.

Methali ipo tayari: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni methali njema mahali pake, lakini hapa hugeuka hati ya mashtaka, na mshtakiwa ni mama. Wala isidhaniwe kuwa huo ni ujinga wa mashamba. Leo Kanner, daktari aliyeieleza hali hii huko Marekani mwaka 1943, aliwaona wazazi wengi wa watoto wale kuwa wakavu wa mapenzi. Bruno Bettelheim akaikuza dhana hiyo katika kitabu cha mwaka 1967, na akina mama wasomi wa miji mikubwa wakabebeshwa kosa wasilolitenda. Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alikwisha kuipinga mwaka 1964, na utafiti wa mapacha uliochapishwa mwaka 1977 ukaonyesha uzito wa urithi wa maumbile. Hoja ilishindwa. Lawama haikuondoka.

Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo si la udaktari tena. Akifa mtu Muyama, kama afavyo mtu Makunduchi, hapana aulizwaye kama anajua kukaa matangani. Anayelia kupita kiasi huvumiliwa, na asiyelia huvumiliwa. Msiba ni wa wote. Lakini furaha ina mlinzi mlangoni. Harusi, ngoma, mpira wa jioni, sikukuu ya shule: huko huingia anayejua kukaa. Familia ya mtoto yule haifukuzwi, la, hutazamwa. Ikitazamwa mara tatu, ya nne haiji. Kwanza hubaki nyumbani mtoto, kisha mama wa kumwangalia, kisha dada yake anayeona haya kuulizwa habari za nduguye.

Wilaya ya Kasulu, ambayo Muyama ilikuwa sehemu yake kabla ya kuundwa Buhigwe, yajua maana ya kumtenga mtoto kwa kumhurumia. Shule ya msingi ya Kabanga iliwapokea watoto wenye ualbino walipokuwa wakiwindwa na wauaji, miaka ya mwisho ya muongo wa 2000. Uzio ule ulikuwa na sababu: nje palikuwa na panga. Mtoto mwenye usonji wa Muyama, je, amezungushiwa uzio dhidi ya nini, kama si macho ya watu?

Yupo atakayesema kwamba harusi ina mwenyewe, na kelele za mmoja zisiwaharibie mia. Neno hilo lina haki yake, na mwenye kulipuuza hajawahi kugharimia harusi. Lakini na atazamwe mlevi wa pombe ya ndizi, anayeangukia wapiga ngoma na kuimba wimbo usio wake. Huyo hushikwa mkono, akakalishwa kando, watu wakacheka, ngoma ikaendelea. Kesho ataalikwa tena. Mlevi amejichagulia hali yake, mtoto hakuchagua. Kumbe uvumilivu haukukosekana, umegawiwa vibaya.

Sheria imekwisha kusema. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, katika ibara ya 30 unamtambulia mtoto mwenye ulemavu haki ya kushiriki michezo na burudani sawa na wenzake, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ila hakuna sheria inayoweza kusogeza ngoma hatua hamsini. Hilo ni la mwenye ngoma: kumwekea mtoto kivuli mbali kidogo na kishindo, kumweleza mapema kitakachotangulia na kitakachofuata, kumwacha arudie mchezo uleule mara kumi bila ya kumcheka. Kwa baadhi yao bao, lenye mashimo 32 na kete 64 zisizobadilika, laweza kuwa mlango ulio mwepesi kuliko mpira.

Na mama naye? Yeye alikuwa mchezaji kabla ya kuwa mlezi. Akitaka kuingia uwanjani kwa wimbo mmoja tu, lazima awepo wa kumshikia mtoto. Kwa kawaida ni bibi. Bibi akizeeka, majirani hutazamana, na kila mmoja humngoja mwenzake ainuke.