Mgeni wa Siku Mbili

Zamani neno safari halikuambatana na raha. Mtu alisafiri kwa biashara, kwa hija, kwa kutafuta elimu, kwa msiba, au kwa kuikimbia njaa. Na aliyetoka kwao bila ya haja inayotajika alitiliwa shaka. Ndiyo maana mtu anayelipa fedha nyingi ili apande baiskeli kutoka Mji Mkongwe hadi Jozani katika jua la saa saba, kisha apige kafi katika Ghuba ya Menai, kisha avuke kwenda Pemba akatembee kwa miguu ndani ya msitu wa Ngezi, ni kitendawili kwa anayemtazama kutoka barazani. Amekuja kupumzika, na mapumziko yake ni kuchoka. Wageni wa namna hii, wanaohama kisiwa hadi kisiwa kwa nguvu za miguu na mikono yao, wanasifiwa kuliko wale wanaolala ufukweni wiki nzima, na pengine sifa hiyo wanaistahiki. Hata hivyo wanaibua swali ambalo wasifiaji hawaligusi: jasho linalonunuliwa lina uhusiano gani na jasho linalouzwa?

Njiani hukutana baiskeli mbili. Moja ni nyepesi, ina gia nyingi, na mpandaji wake amevaa kofia ngumu. Ya pili ni Phoenix ya chuma isiyo na gia hata moja, na nyuma yake yamefungwa magunia ya mkaa au tenga la samaki linalodondosha maji. Kilima ni kimoja. Huko Pemba, ambako ardhi imejaa vilima na mabonde, waendeshaji wote wawili hufika mahali wakashuka na kukokota. Kwa kipimo cha tabibu hakuna la kuwatenganisha, kwani moyo unadunda vile vile na koo linakauka vile vile. Tofauti imo kwingine. Mwenye mkaa hawezi kuacha, kwa sababu chakula cha usiku kimo ndani ya yale magunia. Mgeni anaweza kuacha wakati wowote, na aghalabu gari linamfuata nyuma likiwa na maji ya baridi. Tena kuna tofauti nyingine isiyotajwa sana: mgeni atasimulia. Uchovu wake utageuka hadithi na picha, utamwongezea kitu mbele ya rafiki zake. Mwenye mkaa hana wa kumsimulia, maana jirani zake wote wanaijua njia ile.

Kwa sababu hiyo wapo wanaosema kwamba utalii wa aina hii ni kejeli, kwamba tajiri anauchezea ufukara wa mwenziwe kama mtoto anavyochezea kilemba cha babu yake. Hoja hii inachoma moyo, lakini mantiki yake ni dhaifu. Kama kutaabika kwa hiari ni kuwakejeli wanaotaabika kwa lazima, basi kila mkimbiaji amemkejeli mjumbe, na kila mnyanyua vyuma amemkejeli hamali wa bandarini. Visiwa vyenyewe vinaikanusha hoja hiyo. Wavuvi wanaotumia ngalawa siku zote kwa riziki ndio hao hao wanaoshindana kwa ngalawa siku ya resi, wakajichosha bila ya kutarajia samaki hata mmoja. Makunduchi, wakati wa Mwaka Kogwa, wanaume wazima hutwangana kwa migomba hadi pumzi ziwaishe, na hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba anadhihaki vita. Pemba wanacheza na fahali. Binadamu kuufanya mwili wake mchezo ni jambo la kale, na si mali ya wageni.

Hata vyombo wanavyotumia wageni vimepita njia hiyo. Kayaki, ambayo leo inatengenezwa kwa plastiki ya rangi za kumetameta, ilibuniwa na Wainuiti wa nchi za barafu, kwa ngozi za sili zilizovikwa juu ya kiunzi cha mbao au mifupa, ili kuwinda sili wengine. Ilikuwa chombo cha njaa. Aliyeiendesha vibaya alikufa, na watoto wake walikosa nyama. Na baiskeli ya likizo ina historia inayostahili kukumbukwa na kila anayedhani kwamba starehe ya kujichosha ilianzwa na matajiri: mwaka 1936 wafanyakazi wa Ufaransa walipata kwa sheria likizo ya wiki mbili yenye malipo, na kiangazi hicho hicho wengi wao walifunga mizigo yao juu ya baiskeli wakaondoka, baadhi yao wakiiona bahari kwa mara ya kwanza maishani. Walikuwa watu wa viwandani. Mwaka mzima jasho lao lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe si wao; kwa wiki mbili wakapata kulimwaga walipotaka. Anayewacheka hao hajui maana ya kumilikiwa.

Basi si kujichosha kunakostahili lawama. Ila hiari hii ina jambo linalokosekana, na mfano wake wa karibu ni funga. Mwenye uwezo anapofunga mwezi wa Ramadhani hula njaa kwa hiari yake, ilhali jirani yake ameizoea njaa hiyo miezi yote. Hakuna anayeiita kejeli. Na kabla ya sala ya Idi aliyefunga hutoa zakatul-fitri, chakula cha kutosha kumgusa yule aliyefunga bila ya kutaka. Njaa ya hiari imefungamanishwa na wajibu kwa mwenye njaa ya lazima. Anayejizoeza ile ya kwanza hawezi tena kujifanya haijui ya pili. Jasho la mgeni halina fungamano hilo. Linaanza kwake na kumalizikia kwake. Atapita Paje maji yakiwa yamekupwa, atawaona wanawake wameinama kwenye mwani tangu asubuhi, migongo juu na mikono majini, atapiga picha, na uchovu wake mwenyewe wa siku ile hautamfundisha lolote juu ya migongo ile.

Aristotle aliona kwamba mtu hushughulika ili apate faragha, na kwamba katika faragha ndimo ubora wa mtu unamodhihirika. Aliyasema hayo katika mji ambao faragha yake ilibebwa na watumwa, na hakuona haya. Wazo hilo lina uzito wa pekee katika visiwa vya karafuu. Njia za Pemba ambazo mgeni huzifurahia kwa kivuli chake na harufu yake zinapita chini ya mikarafuu, na kilimo hicho katika karne ya 19 kilijengwa kwa mikono ya watumwa. Kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki na sehemu kubwa ya zao hilo. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, na mkarafuu bado unamtaka mtu aukwee, ashike tawi kwa mkono mmoja na achume kwa mkono wa pili. Kutembea hapo kwa raha si dhambi. Kutembea hapo kana kwamba njia imejichonga yenyewe ni jambo jingine.

Lakini mtihani mgumu zaidi wa suala hili hauko kwenye historia. Uko Uzi. Kisiwa hiki kidogo cha kusini mwa Unguja kimeunganishwa na Unguja Ukuu kwa njia inayopita katikati ya mikoko, njia ambayo kwa vizazi vingi imefunikwa na bahari kila maji yanapojaa. Kwa mpenda safari za nguvu hakuna mahali pazuri kama hapo. Maji yakikupwa anapita na baiskeli, matope yakimrukia hadi magotini. Maji yakijaa anapita juu ya njia ile ile kwa kayaki, kimya, vidole vyake vikigusa majani ya mikoko. Katika vitabu vya wasafiri pahala kama hapo husifiwa kwamba hapajaharibika. Nao wakaazi wa Uzi wamekuwa wakiomba daraja.

Hapa hiari na lazima hazikutani tu njiani kama zile baiskeli mbili, zinagombana. Anachokipenda mgeni ndicho anachotaka mwenyeji kiondoke. Mzazi aliyeshikwa na uchungu usiku wa bamvua hawezi kuambiwa asubiri maji yakupwe, na mwanafunzi hawezi kupanga mtihani wake kwa kalenda ya mwezi. Mgeni hajatamka kwamba daraja lisijengwe. Ni mtu muungwana, na akiulizwa atasema lijengwe. Ila fedha zake zinatamka. Kila anaposifu na kulipa kwa ajili ya ugumu uliobaki, anaupa ugumu huo thamani, na wapo watakaoanza kuhesabu kama thamani hiyo haizidi ya daraja. Raha yake, pasipo yeye kukusudia, imekaa juu ya taabu ya mtu mwingine isiyotakiwa kwisha. Hilo ni zito kuliko kejeli. Kejeli huishia kwenye hisia, ilhali hili linaweza kufika kwenye bajeti.

Atajibiwa mtu kwamba ugumu wa mandhari na ugumu wa maisha vinaweza kutenganishwa: daraja lijengwe, na mikoko ibaki kwa wapendao kuipitia kwa kafi. Ni jibu zuri na pengine ndilo sahihi. Linamtaka mgeni akubali kwamba baadhi ya anavyoviita asili ni upungufu tu, na kwamba siku upungufu huo utakapoondolewa yeye atapoteza kitu na hatakuwa na haki ya kulalamika.

Na bahari? Kuvuka baina ya Unguja na Pemba kunaitwa, katika lugha ya wauza safari, sehemu ya msisimko. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I, iliyojaa watu kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na mamia walipotea. Hata mwaka haukutimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikapinduka karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Abiria wale hawakuwa wakitafuta msisimko. Walikuwa wakirudi makwao. Katika visiwa hivi ni familia chache ambazo hazikuguswa, na kwa hivyo ni adabu ndogo tu, isiyogharimu chochote, mtu asiisifu mbele yao hatari ya mkondo ule kama anavyosifu viungo vya pilau.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huichukua methali hii kuwa ya uchoyo, kumbe ni ya heshima: siku ya tatu mgeni haangaliwi tena kama mgeni, anaingizwa katika kazi, na kazi ndiyo inayompa haki ya kulalamikia chumvi ya mchuzi. Mgeni wa leo anayetaka kuchoka anaonekana kama mtu anayeliomba jembe kwa mdomo wake. Lakini tazama mpangilio wa safari yake. Usiku mmoja mjini, miwili kusini, miwili Pemba, mmoja njiani. Kila anapokaribia siku ya tatu, anahama. Kwenda kisiwa hadi kisiwa ni ufundi wa kubaki katika siku ya pili daima. Anapewa kila kitu isipokuwa lile jembe, na jasho lake lote, ambalo ni la kweli, halilimi shamba la mtu.

Misali, upande wa magharibi wa Pemba, wenyeji wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alifika akataka msala wa kusalia, na alipoukosa akasema kisiwa chenyewe, kwa jinsi kilivyoelekea kibla, ndicho msala wake. Mwaka 1998 kisiwa hicho kilitangazwa kuwa hifadhi. Wavuvi hawakufukuzwa, sehemu ya bahari ilifungwa wasivue kabisa, nyingine wakaachiwa, na hadi leo hupiga dago pale kufuatana na misimu. Mgeni hulipa kiingilio, akapiga kafi juu ya matumbawe yaliyopona, maji yakiwa meupe kama kioo, samaki chini yake wasiomwogopa mtu. Mvuvi hulizunguka eneo hilo kwa mtumbwi wake, masafa marefu kuliko aliyokwenda baba yake, kutega pale palipobaki. Jioni hupungiana mikono. Asubuhi ya pili mgeni yumo njiani kuelekea Mkoani, kuiwahi boti.