Nuru ya Kuazima

Atazamaye mbingu baada ya jua kutua huweza kuona nukta ya mwanga ikipita taratibu kati ya nyota. Hiyo ni setilaiti, kazi ya mikono ya watu. Miongoni mwake zilikuwapo zile za Iridium, zilizoanza kurushwa mwaka 1997, ambazo ziling'aa ghafula kupita hata Zuhura, na baada ya sekunde chache zikafifia. Asiyejua sababu aliweza kustuka, akadhani ameona ishara ya msiba.

Haikuwa ishara ya msiba, wala setilaiti hizo hazikuchukua taa. Kila moja ilikuwa na vibao vitatu bapa, ukubwa wa mlango, vilivyong'arishwa kama kioo. Huku chini giza limekwisha kuingia. Huko juu, kadiri ya kilomita 780, jua lingali likiangaza. Kibao kilipolielekea jua sawasawa, mwali wake ulirudishwa hadi kwetu. Kilipogeuka kidogo tu, mng'ao ukatoweka.

Basi, yatupasa kujiuliza: mwangaza wetu sisi ni wa nani? Elimu, cheo, sauti nzuri ya kuimba kanisani, vyote hivyo tumeviazima. Yohane Mbatizaji alifuatwa na umati wa watu, lakini hakujitwalia utukufu; alikuja kuishuhudia nuru tu. Mkristo atakaye kusifiwa yeye mwenyewe amekwisha kulipa jua kisogo.

Liko na jambo la pili, nalo latugusa zaidi sisi wenye jamaa. Setilaiti zile hazikurushwa ili zing'ae. Zilirushwa ili zipeleke simu za watu walio mbali, kama mabaharia na wasafiri wa jangwani. Mng'ao ulipokwisha, kazi iliendelea, ingawa hapakuwa na mtu wa kuitazama. Ndivyo ulivyo utakatifu wa nyumbani. Siku ya Komunyo ya Kwanza, siku ya ndoa, watu hutushangilia. Kisha huja siku nyingi zisizo na vigelegele: mama akesha na mtoto mgonjwa, baba akataa rushwa, na huku karo ya shule haijalipwa, rozari yasaliwa na usingizi u machoni. Hapo ndipo imani hupimwa. Wangapi tuling'aa siku ya arusi, na leo nyumbani mwetu hamna sala?

Katika miaka ya 2018 na 2019 nyingi za setilaiti zile zilishushwa, zikateketea angani. Zilizoshika mahali pao hazing'ai vile, lakini simu zapelekwa kama kwanza. Nasi tutapita, na wengine watashika kazi yetu. Tumwombe Mwenyezi Mungu atujalie neema ya kumwelekea Yeye daima, tuonekane na watu au tusionekane. Maana Yeye aonaye sirini hasahau kazi ya mtumishi wake.