Damu ya Mchimba Makaa



Amri ya tano yatukataza kuua. Wengi wetu husema moyoni: "Amri hiyo hainihusu, mimi sikushika mkuki wala kisu." Sikilizeni basi habari ya shimo moja la makaa ya mawe, mpate kufahamu kwamba mtu aweza kuua kwa uzembe, na kwamba aliyekufa aweza kuuawa mara ya pili, baada ya mazishi, katika mke wake na watoto wake.

Katika nchi ya Ubelgiji, katika mji wa Charleroi, pana mahali paitwapo Marcinelle. Hapo palikuwa na shimo la makaa, jina lake Bois du Cazier, lililoshuka chini ya ardhi zaidi ya meta 1000. Mwaka 1946, baada ya vita, serikali za Ubelgiji na Italia zilipatana: Italia itoe watu wa kazi, na Ubelgiji iiuzie makaa. Ndipo maskini wengi walipotoka katika vijiji vya Italia, kama kile cha Manoppello katika milima ya Abruzzo, wakapanda gari moshi kwenda kuwatafutia watoto chakula. Wengine walikaa katika vibanda vilivyojengwa zamani kwa wafungwa wa vita. Walifanya kazi gizani kwa nuru ya taa ndogo, mara wamepiga magoti, mara wamelala ubavu, na vumbi likiwaingia mapafuni. Mshahara ulipopatikana, ulipelekwa kwa mama na kwa mke. Tazameni: mtu huyo alizikwa kila siku kabla ya kufa kwake, ili watu wake wapate kuishi.

Asubuhi ya tarehe 8 Agosti 1956, kigari kilisukumwa katika kizimba cha chuma kinachopanda na kushuka shimoni. Hakikuingia vema, kilibaki kimetokeza. Watu wa chini na watu wa juu hawakuelewana, na kizimba kikaondoka. Kigari kikagonga boriti. Bomba la mafuta likapasuka, nyaya za umeme zikakatika, moto ukawaka. Moshi wenye sumu ukaenea katika njia za chini. Wakafa watu 262: Waitalia 136, Wabelgiji 95, na wengine wa mataifa kumi mengine. Shimoni hakuna aliyeuliza kabila la mwenzake.

Wake na watoto walisimama penye lango la chuma siku baada ya siku, wakingoja. Tarehe 23 Agosti mwokozi mmoja alipanda kutoka chini, akatoa habari kwamba wote ni maiti. Watoto zaidi ya 400 walibaki bila baba. Mwaka 1961 shauri lilipomalizika, mkubwa mmoja tu alihukumiwa, naye hakutiwa gerezani.

Tujifunze nini?

Kwanza: tusimsingizie Mungu. Mtu akifa kazini twafanya haraka kusema, "Ni mapenzi ya Mungu." Je, Mungu ndiye aliyekisukuma kigari kile? Wengine huenda kwa mganga kumtafuta mchawi. Na huku wanapiga bao, ule mti uliooza ungali umeshika dari ya shimo, ukimngoja mtu mwingine. Mwezi wa Juni 2019, karibu na Kolwezi, katika Katanga yetu, ardhi iliwaangukia wachimbaji wa mikono, wakafa zaidi ya 35. Mkubwa ajuaye hatari akanyamaza kwa ajili ya faida, na mwenzi aionaye akapita kando, wote watatoa hesabu mbele ya Mungu. Damu ya Abeli ililia kutoka ardhini; na damu iliyomwagika ndani kabisa ya ardhi, Mungu aisikia vilevile.

Pili: tuogope dhambi zinazolilia mbinguni. Katekisimu imetufundisha kwamba kumdhulumu mjane na yatima ni moja yao, na kumnyima mfanyakazi haki ya jasho lake ni nyingine. Sasa nawauliza ninyi mnaokuja Misa kila Dominika: matanga yakiisha, nani huingia nyumbani mwa marehemu? Kaka zake. Mmoja achukua kitanda, mwingine baiskeli, wa tatu aomba karatasi za fedha zilizotolewa kwa ajili ya kifo chake. Mjane aambiwa arudi kwa baba yake, na watoto wagawanywa kama mbuzi. Jambo hilo twaliita desturi. Mungu aliita jina lingine. Yule ndugu yenu alishuka gizani kwa ajili ya hao wadogo. Na ninyi mwala jasho lake kwa kuwanyang'anya.

Tatu: tumtazame Yezu penye lango la Naini. Alimwona mjane akimfuata mwanawe wa pekee aliyekufa. Hakupita. Alimwonea huruma, akaligusa jeneza, wachukuzi wakasimama, akamrudishia mama mtoto wake. Sisi hatuna uwezo wa kufufua, lakini uwezo wa kusimama tunao. Asimamaye karibu na mjane, akailinda nyumba yake, akamlipia mtoto shule, amefanya kazi ya Kristu.

Shimo la Marcinelle limekwisha kufungwa, na leo ni mahali pa ukumbusho. Ipo hapo kengele iitwayo kwa Kilatini Maria Mater Orphanorum, maana yake Maria Mama wa Yatima, ambayo hulia kwa ajili ya wale 262. Sauti yake ni kwetu pia.

Basi, kabla ya Dominika ijayo, kila mmoja afikiri: katika mtaa wangu yuko mjane gani wa mtu aliyekufa kazini? Nimekwenda kwake lini? Kitu gani cha marehemu kiko nyumbani mwangu? Kama kipo, kirudishwe kwanza, ndipo uje kuungama.

Tuombe: Ee Mtakatifu Yosefu, uliyemlisha Mwana wa Mungu kwa kazi ya mikono yako, uwaombee waliokufa kazini wapate mwanga wa milele, walinde wanaoshuka leo, na utufanye tuwe ndugu wa kweli kwa watoto wao. Amina.