JE, UNAISIKIA KELELE ILE?

Kijana mwenzangu,

Karatasi hii umepewa bure. Tafadhali usiitupe kabla hujaimaliza. Sianzi na habari za kanisani. Naanza na gari la nyumbani kwetu.

Lilikuwa gari dogo, nasi tulikuwa watu watano. Kwa wiki tatu, kila baba akikanyaga breki, lilikuwa likilia: KWIIII! Mama akasema, "Baba, gari linalia." Baba akajibu, "Ni vumbi tu hilo." Mimi niliyekaa siti ya mbele nikajifanya mjanja, nikapandisha sauti ya redio. Kelele ikaisha. IKAISHA MASIKIONI MWETU TU! Kwenye gurudumu ilikuwa palepale.

Wiki ya nne sauti ikabadilika. Haikuwa kwiii tena, ikawa KRRRR, kama mtu anasaga mawe. Siku hiyo tulikuwa tunatoka harusini Lushoto, tunateremka kwenda Mombo. Anayeijua barabara ile anajua: huku mlima, huku bonde, kona juu ya kona. Katikati ya mteremko baba akakanyaga breki. Gari halikusimama! Akakanyaga tena, likapungua kidogo tu, likavuta upande wa bonde. Mdogo wangu wa kike akaliita jina la Yesu kwa sauti. Baba akarudisha gia hadi namba moja, akavuta handibreki taratibu, akalipeleka gari kwenye ukingo wa mlima mpaka likasimama. Hakuna aliyesema neno.

Fundi akaitwa, akafungua gurudumu. Pedi ilikuwa imekwisha kabisa, chuma kinasugua chuma, diski imechimbika mistari. Akatuuliza swali moja tu: "Kwani halikuwa linalia?"

Rafiki, HATUKUWA NA JIBU.

Fundi yule akatueleza. Pedi mpya ina unene wa kama milimita 10 hivi. Pedi nyingi zimewekewa kipande chembamba cha chuma pembeni. Pedi ikilika mpaka zikabaki milimita 2 au 3, kile chuma kinaigusa diski na kulia. Si bahati mbaya! Aliyeitengeneza alikiweka makusudi, ili uonywe mapema. KELELE ILE HAIKUJA KUTUSUMBUA. ILIKUJA KUTUOKOA.

Lakini si kila kelele ni ya breki. Sikiliza inalia LINI:

1. Inalia asubuhi baada ya mvua, ukikanyaga breki mara chache inaisha? Ni kutu nyepesi juu ya diski. Haina neno.

2. Inalia unapowasha gari, unapowasha taa, au unapokata usukani mpaka mwisho? Shuku fenibelti. Zima injini, toa ufunguo, ndipo uuguse mkanda. Ukiwa umelegea, unakazwa. Ukiwa na nyufa au unang'aa kama kioo, unabadilishwa. Wengine huunyunyizia maji. Unatulia kidogo, kisha unalia tena. MAJI SI DAWA! Na mkanda mpya ukilia nao, kaguliwa puli na beringi.

3. Inalia kila ukikanyaga breki? Au inalia gari likitembea, ukikanyaga inanyamaza? Pedi zinakwisha. Gurudumu lifunguliwe LEO. Zibadilishwe kulia na kushoto pamoja. Usipake oili wala grisi kwenye uso wa pedi. Kelele itakufa, na breki itakufa nayo. Ukishafunga, pampu pedali mpaka iwe ngumu kabla gari halijatoka gereji.

4. Imefika KRRRR? Usiliendeshe tena. Mwite fundi hapo lilipo.

Sasa tuongee mimi na wewe. Je, ndani yako hakuna kinacholia? Ile pesa uliyochukua kwenye mkoba wa mama. Yule binti uliyemdanganya. Usiku watu wamelala, wewe unaisikia: kwiii, kwiii. Unafanyaje? Unapandisha redio! Muziki, pombe, kijiweni na marafiki. Au unanyunyizia maji: unakuja mkutanoni unatoa machozi, Jumatatu umerudi kulekule. Mfalme Daudi naye alinyamaza, akadhani yamekwisha, mpaka nabii Nathani alipokuja kumfungulia gurudumu.

Iogope siku ambayo dhambi haikulizi tena. Hiyo siyo amani, ndugu yangu. Hiyo ni pedi iliyokwisha.

Dawa ni moja: FUNGUA GURUDUMU. Litaje jambo lenyewe kwa jina lake mbele za Mungu. Kisha nenda kwa yule uliyemkosea. Jioni ile baba alimwambia mama mbele yetu, "Nisamehe, uliniambia, sikusikia." Sikuwahi kumsikia baba akisema hivyo. Nami nikasema, "Redio niliipandisha mimi." Usiku huo sikuishia kwenye redio. Nilimweleza Yesu mengine yote niliyokuwa nayafunika, nikalala kama mtoto.

Wewe je? Sema hivi kwa moyo wako: "Bwana Yesu, nimekuwa nikiizima sauti yako. Leo naisikia. Nimekosa, na kosa langu ni hili (litaje). Nisamehe, nitengeneze ndani, unipe nguvu ya kurudisha nilichoharibu. Amina."

Kama umeomba hivyo, usikae peke yako. Mweleze mmoja wa watumishi hapa uwanjani kabla hujaondoka.

Na kama gari la nyumbani kwenu linalia, mwambie mzee leo. Akisema ni vumbi, mwambie tena kwa heshima. USINYAMAZE!