Nani Amshukuru Nani? Ruzuku ya Kilimo na Suala la Haki

Mjadala kuhusu ruzuku ya kilimo, yaani fedha za umma zinazotumika kumpunguzia mkulima bei ya mbegu, mbolea na pembejeo nyingine, kwa kawaida huachiwa wachumi, nao huuliza kama kila shilingi iliyotolewa huzaa mavuno yanayozidi thamani yake. Swali hilo ni la lazima, lakini liko jingine linalolitangulia, nalo ni la falsafa ya maadili: serikali inapompa mkulima mbolea kwa nusu ya bei, je, inamtendea hisani au inamlipa deni?

Immanuel Kant aligusia jambo hili mwaka 1797 katika kitabu chake kuhusu metafizikia ya maadili, alipojadili wajibu wa kutenda wema. Alitambua kwamba uwezo wa tajiri wa kumsaidia maskini mara nyingi hutokana na dhuluma ya utawala uliowapendelea wachache, kisha akahoji kama msaada wa namna hiyo unastahili kuitwa wema hata kidogo. Kant alimzungumzia mtu binafsi mwenye mali; hoja yake inakuwa nzito zaidi pale ambapo mtoaji ni utawala wenyewe, kwa kuwa mkono unaogawa mbolea ndio ule ule uliopanga bei ya mazao, uliotoza ushuru na uliofunga mipaka.

Tanzania inatoa mfano ulio wazi, tena Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kuuona mzizi wa tatizo. Azimio lilieleza kwamba mikopo ya nje ilitumika zaidi mijini, ilhali fedha za kuilipa zilitokana na jasho la wakulima, na likatahadharisha kuwa wakaazi wa mijini wangeweza kugeuka kuwa wanyonyaji wa watu wa vijijini. Ni ajabu, basi, kwamba miaka iliyofuata ilikuwa ndiyo miaka ya bodi za mazao na ya Shirika la Taifa la Usagishaji, maarufu kwa jina la NMC, vyombo vilivyopewa haki ya pekee ya kununua mazao kwa bei iliyopangwa na serikali, ambayo kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imeachwa mbali na bei ya magendo. Vyama vikuu vya ushirika, ambavyo vingeweza kumsemea mkulima, vilivunjwa mwaka 1976. Katika miaka hiyo hiyo mbolea iliuzwa kwa ruzuku, na mahindi yalinunuliwa kwa bei moja nchi nzima, utaratibu uliowanufaisha kwa dhati wakulima wa Rukwa na Ruvuma walio mbali na soko, kwa kuwa gharama ya usafiri ilibebwa na wengine. Kwa hiyo haifai kudai kwamba mkulima alinyang'anywa tu. Alipewa na akanyang'anywa kwa wakati mmoja, na hesabu ya pande zote mbili haikuwekwa mbele yake.

Kwa nini serikali ipende kutoa ruzuku kuliko kuacha bei iwe nzuri? Robert Bates, mwanasayansi wa siasa wa Marekani, alitoa jibu kali katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu masoko na dola barani Afrika: bei nzuri humfikia kila mkulima, awe rafiki wa watawala au mpinzani wao, ilhali mradi au mfuko wa mbolea unaweza kupelekwa huku na kunyimwa kule. Nadharia hii ina upungufu wake, kwani huwachukulia viongozi wote kuwa wafanyabiashara wa kura, lakini inafichua jambo ambalo hesabu za mavuno haziwezi kulionyesha. Bei ya haki haina mtoaji wa kushukuriwa. Ruzuku inaye, na mwenye kutoa hupata pia uwezo wa kuchagua.

Mpango wa vocha za pembejeo, ambao Tanzania iliupanua kuanzia msimu wa 2008/09 kwa msaada wa Benki ya Dunia, ulidhihirisha hatari hiyo. Vocha ilikuwa hati iliyogharimia takriban nusu ya bei ya mbegu na mbolea za ekari moja, na kamati za vijiji ziliteua wanufaika miongoni mwa wakulima wadogo. Utafiti wa Lei Pan na Luc Christiaensen katika mkoa wa Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta kwamba asilimia 60 ya vocha zilichukuliwa na kaya zenye viongozi wa kijiji. Si lazima kuwaona viongozi hao kuwa waovu kuliko binadamu wengine; kitu kinapogawiwa kama fadhila, walio karibu na mgawaji hutangulia.

Ipo hoja ya upande wa pili ambayo haipaswi kupuuzwa. Wakulima wengi wadogo huishiwa chakula kabla ya mavuno na kulazimika kununua mahindi, hivyo bei ikipanda nao huumia pamoja na vibarua wa mijini. Wanazuoni wa Kiislamu walilijadili suala hili zamani: hadithi inaeleza kuwa Mtume alikataa kupanga bei sokoni Madina, akichelea kumdhulumu mtu katika mali yake, naye Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, akapambanua kati ya upangaji bei ulio dhuluma na ule unaozuia dhuluma. Kipimo chake kinafaa hata leo, kwa kuwa hakiulizi kama dola iingilie soko, bali kama kuingilia kwake kunamwondolea mtu haki yake. Kitabu cha Mwanzo nacho kina tahadhari isiyotajwa sana mimbarini: Yusufu alikusanya sehemu ya tano ya mavuno ya Misri, na njaa ilipokuja akawauzia watu nafaka hiyo hiyo hadi wakatoa mifugo, ardhi na hatimaye nafsi zao kwa Farao, kisha wakamshukuru Yusufu kwa kuwaokoa.

Mfumo wa ruzuku ya mbolea ulioanzishwa Tanzania Agosti 2022, ambao ulishusha bei ya mfuko wa kilo 50 wa urea au DAP hadi shilingi 70,000 kwa kila mkulima aliyesajiliwa, unapunguza mamlaka ya kamati na kwa hiyo uko karibu zaidi na haki kuliko vocha, ingawa anayenunua mifuko ishirini hupata ruzuku mara ishirini ya anayenunua mmoja, na asiyeweza kulipa bei iliyobaki hapati chochote. Hata hivyo ruzuku hiyo ina kifungu chake katika bajeti na hutangazwa jukwaani, ilhali hasara ambayo mkulima wa mahindi aliibeba wakati wa marufuku ya kuuza nje, kama zile za 2011 na 2017, haikuandikwa katika kifungu chochote. Iwapo Wizara ya Kilimo ingelazimika kuwasilisha bungeni, pamoja na makadirio ya ruzuku, makadirio ya kile ambacho sera za bei na mipaka zimemnyima mkulima katika mwaka huo huo, wabunge wangeweza kusema kwa hesabu kama kinachotolewa ni hisani au ni sehemu tu ya deni.